Tuta Ambalo Baba Hakulivunja

Watu wa Izia wakimsimulia mama mkubwa wangu Coleta, huanza na pombe. Mimi nitaanza na sabuni. Kila mwaka, ulezi ukishavunwa na kupurwa, Mama Mkubwa alinunua vipande vya sabuni ya kufulia na kifuko cha sukari, akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda gerezani kumwona mtu aliyemuua mdogo wake. Mtu huyo ni baba yangu. Wapo waliomsifu barabarani kwamba ana moyo wa huruma, amesamehe, tujifunze kwake. Huruma! Angewasikia angewamwagia maji ya moto.

Mama Mkubwa alizaliwa kijiji kimoja kati ya Msanzi na Mwazye, mtoto wa kwanza wa mzee Felisiani, mtu wa rozari asubuhi, rozari jioni, na jembe katikati. Mama yangu, Silvana, alikuwa kitinda mimba. Bibi alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo Coleta ndiye aliyembeba Silvana mgongoni kisimani na shambani, na alipoposwa alimwambia mchumba asubiri kwanza mtoto akue kidogo. Mchumba akasubiri. Alikuwa mwanamume mwema, akafa mapema kama kawaida ya wema, na Coleta akabaki mjane huku Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, bila mtoto wake wa kumzaa, akiishi kwa kupika kimpumu. Hiyo ni pombe yetu ya ulezi: inakaa chunguni na machicha yake, inamiminiwa maji ya moto, na watu wanakizunguka chungu kila mmoja na mrija wake.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, na ulimi wake haukuwa na breki. Mteja akianza matusi aliambiwa mara moja, "Mrija chini, mlango ule pale." Wakubwa kwa wadogo waliweka mirija chini.

Silvana aliolewa na baba yangu, Theodory, huko huko kijijini. Baba alikuwa mkulima hodari na mchekeshaji, mtu wa watu. Ukitaka kumjua mtu anayechekesha sana kwenye pombe, nenda nyumbani kwake kamtazame mkewe mikono. Ya mama yangu ilikuwa na alama, na kila alama ilikuwa na hadithi yake ya kuanguka. Nilikuwa mdogo lakini nilijua kwamba mtu haanguki hivyo.

Mama alipotea mwezi wa Machi, wakati wa intumba. Kwa asiyejua kilimo chetu, ngoja nieleze, maana bila hili hutaelewa kitu. Machi nyasi zimefika kifuani. Tunazilaza, tunazikusanya duara duara, tunazifunika kwa udongo, shamba zima linajaa matuta ya mviringo yanayokufika kiunoni. Hayo ndiyo intumba. Nyasi zinaoza mle ndani kiangazi chote, na mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Novemba tunayavunja, tunausambaza udongo uliokwisha kuwa mweusi na laini, tunamwaga ulezi. Walilima hivyo mababu kabla mbolea ya mifuko haijapanda huku juu. Tuta la Mfipa linajengwa ili livunjwe.

Mimi nilikuwa nimelala na surua. Mchana ule mama alinipaka mafuta, akafunga nguo zetu kwenye kitenge chake cha njano, kile alichokuwa akinibebea, akaninong'oneza kwamba kesho tunakwenda kwa Mama Mkubwa, na tusimwambie baba. Kulipokucha mama hakuwepo. Nguo zangu zilikuwa kitandani, zimefunguliwa, na kitenge hakikuwepo. Baba aliketi mlangoni akitikisa kichwa. "Mama yako amekimbilia Zambia," alisema. "Ana mwanaume huko."

Zambia kwetu si mbali. Wengine wana mashamba huku na shangazi kule. Kwa hiyo Zambia ni mahali pazuri sana pa kumpeleka mwanamke asiyeonekana. Akipotea, hakuna anayeuliza yuko wapi. Wanauliza alikuwa na nani. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Leonardi, ambaye ni baba mdogo wa baba yangu, alitangaza mbele ya watu kwamba habari zimethibitika, mwanamke ameonekana akivuka. Nani alimwona? Watu. Watu gani? Watu tu. Na mimi, mtoto wa darasa la pili mwenye vipele mwili mzima, niliamini kwamba mama yangu alinitazama nikiwa nimelala mgonjwa, akaona heri mwanaume wa Zambia.

Mama Mkubwa alikuja alipopata habari. Aliniangalia macho, aliangalia zile nguo zangu kitandani, akamgeukia baba.

"Silvana angeweza kukukimbia wewe, shemeji. Hata mimi ningekukimbia. Mtoto mwenye surua asingemkimbia."

"Shemeji, wanawake wa siku hizi huwajui."

"Huyo nimembeba mgongoni."

Akanichukua siku hiyo hiyo, na baba hakubisha. Njiani Mama Mkubwa alipita kituo cha polisi kutoa taarifa. Askari aliyekuwa zamu alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba mtu mzima kuondoka nyumbani kwake si kosa. Kuanzia hapo Mama Mkubwa alikuwa na jambo moja tu maishani: kumpata Silvana, na kumfanya Theodory aseme mbele za watu alikomweka. Alipika, aliuza, alisali, alinipeleka shule, lakini jambo lilikuwa hilo moja.

Novemba tulikwenda kijijini. Mvua zilikuwa zimeanza na mlima mzima ulikuwa umesawazishwa, mweusi, tayari kwa ulezi, isipokuwa shamba la juu la baba. Matuta yake yalikuwa yamesimama vile vile, yameota majani mapya mgongoni.

"Shemeji, mbona shamba la juu hujalivunja?" Mama Mkubwa aliuliza, kikombe cha uji mkononi.

"Nimeliacha lipumzike."

"Lipumzike."

"Udongo nao unachoka, shemeji."

Tangu Mungu aumbe Ufipa hakuna mtu aliyewahi kupumzisha intumba zilizoiva. Ni sawa na kusonga ugali halafu ukauacha jikoni mpaka mwakani. Mama Mkubwa alipeleka macho juu, mstari kwa mstari. Matuta yote yalilingana, kwa maana baba alikuwa na mkono mzuri wa jembe, ila moja la pembeni, karibu na jiwe, ambalo lilikuwa pana kama mawili. Akamaliza uji wake mpaka tone la mwisho, akashukuru, tukaondoka. Njiani alinibana mkono mpaka nikalia, na hakuniambia kwa nini.

Alirudi polisi. Askari akacheka kidogo, bila ubaya. "Mama, nikafukue shamba la mtu kwa sababu hajalima? Nchi hii wasiolima ni wengi." Kwenda peke yake na jembe hakuweza. Mwanamke anayekutwa anafukua shamba la mtu anaitwa mchawi kabla hajajieleza, na huku kwetu neno hilo halina rufaa.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni Kashinje. Huyu ni mama wa Kisukuma. Familia yao ilihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakakaa nje ya mji, naye alikuwa akileta maziwa Izia kila asubuhi. Mama yake mzazi alikatwa mapanga hapo hapo walipohamia, mchana kweupe, kwa sababu ndama wa jirani walikufa na macho yake yeye yalikuwa mekundu. Bibi wa watu alipikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe miaka yote, macho yawe ya rangi gani? Kitongoji chao kizima kilikuwepo siku ile, na kitongoji kizima hakikuona. Waliomkata bado wanachunga na kuoa.

Novemba ya pili ilipofika, baba bado amelipumzisha shamba lake, Kashinje alimkuta Mama Mkubwa ameketi uani hajawasha hata moto. Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia kila neno.

"Dada Coleta, wewe unatafuta shahidi," Kashinje alisema. "Shahidi mmoja atanunuliwa, au atatishwa, au atapewa jina la mchawi. Tafuta kijiji kizima kione kwa mara moja. Halafu tuone kama wote watasema hawakuona."

"Na kijiji kizima kinakusanywaje, Kashinje?"

"Unaniuliza mimi? Mpika pombe ni nani?"

Mama Mkubwa akacheka, kicheko ambacho sikukipenda, akaniambia nilete gunia la ulezi.

Maana kuna desturi. Mtu akizidiwa na shamba, jamaa zake hupika pombe na kualika watu. Watu huja na majembe, hulima kwa mbio na nyimbo, kisha hunywa. Kuukataa mwaliko kama huo ni kujitukana na kuwatukana waliokuja, na ukitoka ukweni ni mara mbili. Baba alikuwa amejifunga kamba mwenyewe, maana kila penye chungu alikuwa akilia: mwanamke kanikimbia, sina mikono, nalima kama yatima. Alilia ili wamhurumie. Haya, tukamhurumia.

Sijawahi kumwona Mama Mkubwa akipika vile. Alichagua ulezi kama anampikia askofu. Aliuloweka, akauotesha, akauanika, akausaga, na kila mara alionja akatikisa kichwa, bado. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo kwa ajili ya baba. "Nataka wasiweze kuondoka," alisema. "Nataka kiu iwafunge miguu." Chuki ina upishi wake, na ile ilikuwa pombe tamu kuliko zote alizowahi kupika. Waliokuwepo wanasema harufu yake ilitangulia mkokoteni.

Mkokoteni ulikuwa wa Kashinje, na ng'ombe wawili. Tulifika asubuhi, vyungu nyuma, akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa pembeni na majembe begani, na kadiri tulivyopita nyumba watu walitoka wakafuata. Baba alikuwa anakunywa chai. Alitoka na kikombe, akaona kijiji chote uani kwake.

"Shikamoo, shemeji. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna pombe," alisema Mama Mkubwa. "Tumesikia huna mikono ya kulima. Tumekuletea mikono."

Watu wakashangilia. Mzee Leonardi akampigapiga baba mgongoni. "Theodory, una shemeji wa dhahabu wewe!"

"Lakini shemeji, ungenipa taarifa nikajiandaa."

"Umejiandaa miaka miwili, shemeji. Tuonyeshe pa kuanzia."

Akaanzia mbali, shamba la chini, la mahindi. Mama Mkubwa hakubisha. Alisema siku ni ndefu, popote atakapo tutaanza, na lote tutalimaliza. Kisha akaagiza vijana wakibebe chungu kikubwa mpaka juu kabisa, wakiweke karibu na jiwe, kando ya lile tuta pana. Vyungu vidogo tutanyweshana tukipumzika, akatangaza, ila hiki kikubwa nimekipika kwa ajili ya tuta hili, na hakifunguliwi mpaka lilale. Wakaitikia kwa vigelegele.

Walilima kama wanakimbizwa. Kufikia adhuhuri shamba la chini lilikuwa limekwisha, wakapanda shamba la juu wakiimba, majembe yanashuka pamoja, matuta yanapasuka na udongo mweusi unatoa mvuke. Baba alilima kimya. Alikuwa anatangulia, anasogea taratibu kuelekea jiwe, na yalipobaki matuta machache alisimama mbele ya lile pana akasema, "Hili niachieni mimi. Mwenye shamba amalizie."

Watu waliona ni adabu nzuri. Wakaketi chini kulizunguka, jasho linawatiririka, macho kwenye chungu. Baba akaanza. Alikwangua juu. Akazunguka, akakwangua upande wa pili. Udongo uliokuwa ukishuka usingejaza hata kofia moja.

"Baba Rahel," aliita Enock, kijana wa jirani, kiu imemshika koo, "unalikuna au unalivunja?"

Wakacheka wote. Enock akainuka na jembe lake amsaidie mzee, hana nia mbaya, anataka mrija tu. Alipoliinua jembe, baba aligeuka na lake likiwa juu ya kichwa.

"Ukigusa nakupasua!"

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Watu walimtazama baba, wakalitazama tuta, na niliona kwa macho yangu jinsi jambo lilivyokuwa linapita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mama mmoja wa jumuiya akajishika mdomo. Wafipa wale, kila mmoja alikuwa amepita pale misimu miwili akaona shamba lililopumzishwa, na kila mmoja alikuwa ameona kwamba si kawaida. Hakuna aliyeuliza. Sasa walikuwa wanaulizana bila kusema.

"Kwa nini, shemeji?" Mama Mkubwa aliuliza polepole. "Mle si nyasi tu?"

Baba akatafuta uso wa kumwonea huruma, akazunguka wote, akaishia kwangu, nimesimama na Kashinje pembeni ya mkokoteni. Sijui alitaka nini kwangu. Akaketi chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Simama. Umelijenga mwenyewe, livunje mwenyewe."

"Shemeji, sikukusudia. Alitaka kumchukua mtoto. Ulikuwa mpini tu, nilimpiga mara—"

"Sijakuuliza ulimpiga mara ngapi. Nimesema vunja."

Wapo waliomlaumu Mama Mkubwa mpaka anaingia kaburini kwamba aliniacha nione. Kashinje alitaka kunifunika uso kwa kanga, na Mama Mkubwa akamkataza. "Mwache aone," alisema. "Ameambiwa miaka miwili kwamba mama yake alimkimbia." Baba akapiga jembe. Nyasi zilikuwa zimeoza vizuri, udongo ulianguka wenyewe. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa kitenge cha njano. Mimi nilifurahi. Nasema kweli yangu, na asiyenielewa asinielewe: kabla ya uchungu, kabla sijapiga kelele, nilifurahi. Hakuwa Zambia. Alikuwa hapa siku zote, na kitenge changu.

Kelele zilizofuata siwezi kuzisimulia. Wanaume waliinua majembe na Enock alikuwa wa mbele. Nilitaka wamuue. Bado nakumbuka jinsi nilivyotaka. Mama Mkubwa akaingia katikati, mfupi vile, mikono imepanuliwa.

"Msimguse! Mkimuua leo, kesho ni marehemu, na marehemu hasemwi vibaya. Mtamvalisha suti, mtaimba, padri atasema alikuwa mtu wa watu. Mimi nataka asemwe. Nataka asemwe na yeye anasikia."

Majembe yakashuka. Mzee Leonardi alikuwa ameanza kurudi nyuma, kofia imeshushwa usoni. Mama Mkubwa alimwona.

"Mwenyekiti, unakwenda wapi? Si wewe uliyesema ameonekana akivuka? Njoo. Njoo uione Zambia."

Akamfanya asimame pale pale, kwenye ukingo, mpaka askari walipofika. Miongoni mwao alikuwa yule yule wa zamu, ameshika kofia mkononi, na Mama Mkubwa alimwonyesha tu. Chungu kikubwa hakikunyweka siku ile. Alisema sasa ni pombe ya msiba, wakapewe wachimba kaburi. Akamwosha mdogo wake, kilichokuwepo cha kuosha, kwa mikono ile ile iliyomwogesha akiwa mchanga.

Mahakamani waliitwa watu wa kijiji, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeweza kusema hakuona. Kashinje alikaa benchi la nyuma kila siku ya kesi, kana kwamba ni kesi ya mama yake. Baba alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Jamaa walidhani Mama Mkubwa atakasirika. Alikwenda kuwasha mshumaa kanisani. "Kamba ni ya dakika moja," alisema. "Maisha ni marefu." Padri alimshika siku nyingine baada ya misa, akamkumbusha kusamehe saba mara sabini. "Nilizihesabu, Padri," alimjibu. "Silvana alizimaliza zote akiwa hai."

Habari ilitembea. Watu wakaanza kuja Izia, ndugu wa wanawake waliokuwa "wamekimbilia Zambia", wengine wamekaa na neno hilo kifuani miaka, na kila mmoja aliulizwa swali moja: mume wake ameacha kulima wapi? Mama mmoja wa Msanzi alikuja akimlilia binti yake Jenifer. Tukamsaka kwa simu za watu mpaka ng'ambo, akapatikana mzima, mnene, anauza vitumbua, akatutukana kwa kumtafuta. Mama Mkubwa alicheka wiki nzima kwa furaha. Wengine hawakupatikana wazima. Wengine hawajapatikana mpaka leo. Ilifika mahali Mama Mkubwa akinunua ulezi mwingi kidogo tu, wanaume wa huku wanawapigia wake zao simu kuhakikisha wanapokea. Na kila chungu kilipofunguliwa uani kwetu, kabla ya mrija wa kwanza, Kashinje alilitaja jina la mama yake na majina ya waliomkata, kwa sauti, hata kama jamaa zao wameketi pale. Wengine waliinuka wakaondoka. Waliobaki walisikia.

Lile shamba la juu wazee waliniandikia mimi, Mama Mkubwa akawa analilima kwa niaba yangu. Tunaliita la Silvana. Tunajenga intumba Machi, tunazivunja Novemba, hatujaliacha msimu hata mmoja. Na kila mavuno Mama Mkubwa alivaa gauni lake akaenda gerezani. Ukoo wa baba uliacha kwenda mapema, hakuwa na mgeni mwingine, kwa hiyo baba alikuja tu chumba cha wageni kwa ajili ya sabuni. Alipokwisha kuipokea, Mama Mkubwa alikaa vizuri kwenye benchi akaanza. Mwaka huu, shemeji, tumeanza kujenga kutokea jiweni. Nyasi zilikuwa nzuri. Pale ulipomlaza ulezi umesimama kuliko kwingine kote. Hivyo mpaka askari aseme muda umekwisha. Miaka ya kwanza baba alilia. Miaka ya katikati alimwomba aache. Alisema, "Shemeji, afadhali unitukane." Mama Mkubwa akamjibu kwamba hajaja kumtukana, amekuja kumpa habari za nyumbani, na mwakani akarudi na sabuni. Na baba mwakani akatoka tena kumwona, kwa sababu gerezani sabuni ni sabuni.

Mwaka huu Mama Mkubwa amefariki. Ni presha, ulezi ukiwa bado shambani. Tulimzika kijijini, karibu na mdogo wake, na Kashinje alilia kuliko ndugu wote. Siku chache kabla hajafa alinishika mkono, akanibana, lakini hakuwa tena na nguvu za kuniliza. "Usiache kwenda," aliniambia. "Na sabuni usisahau."

Nilivuna, nikapura, nikavaa gauni. Sikuwahi kukanyaga pale kabla. Baba alitoka akiwa na mvi kichwa kizima, amekonda, anatafuta kwenye benchi mtu asiyemwona. Aliponitambua alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Rahel! Umekuwa mama mzima." Akakaa, akajifuta macho kwa kiganja. "Nimesikia yule mama amefariki. Pole sana. Mungu amrehemu, kila mtu na njia yake." Nikaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu anayetua mzigo alioubeba tangu kisimani. "Nilijua siku moja utakuja. Damu ni damu. Nimeomba sana uje."

"Nimekuletea sabuni, baba."

"Ahsante, mwanangu. Ahsante."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Nikakaa vizuri kwenye benchi.

"Na habari za shamba," nikasema. "Mwaka huu tumeanza kujenga kutokea jiweni."